Tumbo Limechafuka: Hesabu Saa Kabla ya Kumlaumu Mpishi

Mtu akianza kutapika hapa Lamu, swali la kwanza huwa ni "Umekula nini?" Naye hutaja kitu cha mwisho kilichopita kooni. Akitaja viazi vya karai vya jioni pale Mkunguni, muuza viazi keshahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Nimefanya kazi ya uuguzi katika visiwa hivi kwa miaka mingi, na mara nyingi nimekuta anayelaumiwa hana hatia. Chungu chenye kosa kiko jikoni nyumbani, kimefunikwa kawa, kinangoja kupashwa moto kiliwe tena.

Swali lenye faida zaidi ni la saa. Ulikula lini, na tumbo limeanza lini? Kila sumu ina mwendo wake na kila kijidudu kina siku zake. Vingine humwangusha mtu kabla hajanawa mikono, vingine hujificha mwezi mzima. Ukijua muda uliopita, kisha ukajua dalili iliyotangulia, kama ni kutapika, kuhara, homa, damu au ganzi, unakuwa umekaribia sana chanzo. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa muda, kuanzia kinachokuja haraka hadi kinachochelewa.

Kabla ya kutafuta chanzo, mtazame mgonjwa

Katika maradhi mengi ya tumbo kinachoua ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na hilo unaweza kulitambua kwa macho na vidole vyako bila maabara. Bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikirudi polepole, ikabaki imesimama kidogo kabla ya kulala, maji yamepungua. Tazama macho kama yamedidimia, ulimi kama umekauka, mkojo kama umekuwa haba na mweusi kama chai ya rangi. Mtoto mchanga mguse utosi. Ukiwa umebonyea, au akilia bila machozi, usingoje asubuhi.

Mpeleke hospitali moja kwa moja pia ukiona damu kwenye choo, midomo au ulimi kufa ganzi, macho ya manjano, kuchanganyikiwa, homa kali isiyoshuka, au kutapika kusikomruhusu kubakiza hata kijiko cha maji. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari na mtoto wa chini ya miezi sita hawana nafasi ya kusubiri. Hao niletee mapema hata ukihisi unanisumbua bure. Hakuna usumbufu hapo.

Dakika chache hadi saa mbili: fikiria samaki

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapokosea zaidi, kwa sababu tunaamini samaki tunamjua.

Nieleze nyumba moja ya Langoni, watu sita. Baba alinunua vibua saa nne asubuhi, wanang'aa, macho maangavu, mashavu mekundu. Akawatia ndooni, ndoo akaiweka barazani, akaenda shughuli zake. Baada ya alasiri wakakaangwa hadi wakakauka. Saa moja usiku wakaliwa. Sahani hazijaondolewa, binti mkubwa akasema samaki ana pilipili, na pilipili haikutiwa. Nusu saa baadaye uso wake ulikuwa wa moto, shingo na kifua vinawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Kisha mdogo wake, kisha baba, kisha shangazi. Walipofika kwangu mama alikuwa na hakika kwamba ni mzio. Mzio wa samaki hushika mtu mmoja mwenye mwili wa namna hiyo. Hauwashiki watu wanne wa sahani moja kwa wakati mmoja.

Ile ilikuwa sumu ya histamini. Nyama ya jodari, nguru, vibua na dagaa ina kiini ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Ikishajitengeneza, moto hauiondoi. Huiondoi kwa kukaanga, kwa kuchemsha, kwa kukausha, wala kwa kugandisha. Na pua haitakwambia kitu, kwa maana samaki anaweza kuwa na histamini nyingi bila kunuka. Dalili pekee mezani ni ule ukali wa pilipili ulimini. Ukiusikia, tema na mwambie kila mtu aache kula.

Kwa kawaida hali hii hupita yenyewe ndani ya siku moja. Vidonge vya mzio husaidia, lakini kifua kikibana au pumzi zikiwa ngumu, nenda hospitali. Kinga yake iko chomboni na ndooni. Samaki awekwe barafu tangu anapotoka majini, asingoje afike sokoni. Unaponunua, usitazame jicho la samaki tu, uliza alivuliwa lini na barafu ilianzia wapi. Aliyekuwa mzuri saa nne asubuhi si lazima awe mzuri saa kumi.

Dalili ikiwa ni ganzi, jambo ni zito zaidi. Midomo na ulimi vikianza kufa ganzi ndani ya dakika kumi hadi saa chache, kisha ganzi ikashuka vidoleni, maneno yakawa mazito na miguu ikalegea, uliza kama kuna aliyekula bunju, ambaye wengine humwita totovu, yule samaki anayejijaza upepo akavimba kama mpira. Sumu yake iko zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na kuipika hakuipunguzi. Inapooza misuli ya kupumua huku mgonjwa akili zake zikiwa timamu. Hakuna dawa ya kuivunja. Kinachomwokoa ni mashine ya kumpumulia hadi sumu imtoke. Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa, usimkalishe kumwombea nyumbani. Mwombee njiani. Watoto wanaookota samaki waliotupwa na wavuvi ufukweni waonyeshwe bunju kwa macho, wamjue.

Na kasa. Najua wako wanaosema wazee walikula na hawakufa. Nyama ya kasa, hasa ng'amba, huweza kuwa na sumu kulingana na alichokula baharini, na hakuna mtu awezaye kujua kwa kumtazama. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na makumi ya wengine wakalazwa. Miaka miwili na ushei tu nyuma, Novemba 2021, watu 7 walikuwa wamekufa Pemba hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Dalili zake huweza kuanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa: kinywa na koo kuwaka, vidonda ulimini, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida. Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba sumu hupita katika maziwa ya mama. Mama amekula akajisikia nafuu, mtoto anyonyaye ndiye anayezidiwa. Kisheria kasa analindwa Kenya, lakini mtu akishamla, usifiche kwa kuogopa sheria. Mwambie daktari.

Mbali na vya baharini, kwa muda huu mfupi fikiria pia muhogo mchungu ambao haukulowekwa au kupikwa vya kutosha: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, pumzi kwenda haraka. Huo nao ni wa hospitali.

Saa moja hadi sita: kutapika ghafla, homa hakuna

Mtu alikuwa mzima, ghafla mate yanamjaa, tumbo linasokota, anatapika mara tano sita, pengine anahara kidogo. Mwili si wa moto. Katika hali hii kuna sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula kabla hakijaliwa, na watuhumiwa wawili wanaongoza.

Wa kwanza ni wali. Punje ya mchele hubeba mbegu za bakteria ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukiiva ukaachwa sufuriani jikoni palipo na joto, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu. Ukiupasha asubuhi, bakteria watakufa lakini sumu itabaki kama ilivyo. Ndiyo maana kauli ya "niliupasha moto vizuri" haiwezi kuwa utetezi. Wali wa nazi ni dhaifu zaidi kwa sababu ya tui. Watu husubiri uchache, uvute uzi na kunuka, ndipo wautupe. Ila sumu huweza kutangulia harufu kwa saa nyingi. Mwezi wa Ramadhani hili nalishuhudia kila mwaka: chakula kimepikwa baada ya alasiri, kimeliwa kwenye futari, kimekaa mezani hadi baada ya tarawehe, kimepashwa kwa daku. Hizo ni saa tisa au kumi za joto.

Kama una friji, utandaze wali kwenye sinia au sahani pana upoe haraka, kisha uingize ndani kabla ya saa mbili kupita. Sufuria lililojaa likiingizwa moto hivyohivyo, katikati hubaki vuguvugu usiku kucha. Kama huna friji, pika cha kumalizika. Mwiku, yaani kiporo, wa ugali na mwiku wa wali wa nazi si kitu kimoja, na mwiku wa samaki wa kupaka usiujaribu.

Mtuhumiwa wa pili ni mkono. Bakteria wa majipu huishi puani na kwenye vidonda vya vidole. Mpishi mwenye jipu au jeraha la kisu akiviringa kachori, akikunja sambusa au akichambua nyama ya kuku iliyokwisha kupikwa, bakteria huhamia humo. Chakula kikikaa kwenye joto wanatoa sumu ambayo nayo haitishwi na moto. Mwenye kidonda mkononi apewe kazi nyingine siku hiyo, au avae glovu, na hili lisemwe kwa heshima ili asilifiche.

Kutapika kwa aina hii huisha ndani ya siku moja, na dawa za kuua bakteria hazina kazi hapo kwa kuwa ni sumu inayosumbua. Maji ya chumvi na sukari, pumziko, basi.

Saa sita hadi ishirini na nne: sufuria la harusi

Harusi ilikuwa adhuhuri. Watu wamekula biriani, wamefurahi, wamelala. Saa sita za usiku nyumba tatu za mtaa mmoja taa zinawaka: tumbo linakata, choo cha maji kila nusu saa, lakini hakuna homa na karibu hakuna anayetapika. Kesho yake jioni wengi wamepona. Mpangilio huo, watu wengi kwa pamoja baada ya saa nane hadi kumi na mbili, unaelekeza kwenye nyama iliyopikwa kwa wingi na kupoa polepole.

Pishi la sufuria kubwa lina tabia yake. Nyama ya usiku wa kuamkia harusi imeiva sawasawa, moto umetolewa, mfuniko umewekwa. Juu panapoa, katikati, chini ya mchuzi mzito, kunabaki vuguvugu hadi alfajiri. Mbegu za bakteria zilizovumilia moto hupata hapo joto zinalolitaka na mahali pasipo na hewa. Mpishi hana kosa la uchafu. Kosa ni la kina cha sufuria. Mchuzi ugawiwe kwenye vyombo vifupi upoe upesi, au upikwe alfajiri uliwe siku hiyo, na ukirudishwa motoni uchemke kwelikweli hadi katikati, usiwe tu wa kuunguza ulimi pembeni.

Kwa muda huohuo, mtu aliyekula chaza, kamba au kaa ambao hawakuiva huhara sana na pengine kupata homa ndogo. Chaza wa kuvunjwa na kuliwa mbichi mwambani ni ladha ya watu wengi hapa. Kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari ladha hiyo inaweza kumgharimu maisha.

Siku moja hadi tano: sasa uliza habari za maji

Muda ukishavuka siku moja, chakula cha jana usiku hakihusiki sana. Rudi nyuma siku tatu, nne. Na kwa Lamu, kurudi nyuma maana yake ni kuuliza maji yalitoka wapi.

Homa pamoja na kuhara na tumbo kuuma mara nyingi hutokana na kuku au mayai yasiyoiva, au ubao uliokatiwa kuku mbichi kisha ukakatiwa kachumbari bila kuoshwa. Choo kidogo kidogo chenye damu na kamasi, na mtu anajikaza bila kutoa kitu, ni kuhara damu. Huyo anahitaji kupimwa na dawa iliyochaguliwa na mtaalamu, na asipewe kabisa vidonge vya kufunga tumbo. Kufunga ni kuifungia sumu ndani. Mtoto mdogo anayetapika kwanza kisha kuhara maji kwa siku kadhaa, mara nyingi ni virusi. Chanjo ya rota imo katika chanjo za kawaida za watoto Kenya tangu 2014, kwa hiyo tazama kitabu cha kliniki kama alipata.

Kuhara kunakofanana na maji yaliyooshewa mchele, kwingi, bila maumivu makubwa na mara nyingi bila homa, ukichukulie kuwa ni kipindupindu hadi ithibitishwe vingine. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Asubuhi alikuwa mzima, jioni macho yameingia ndani na sauti imepotea. Mlipuko mkubwa ulioanza Kenya Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi moja ya Limuru, wageni wakarudi makwao na ugonjwa. Sisi tunaosafiri kwa mashua kwenda harusi na maulidi kisiwa hadi kisiwa tunajua namna hiyo inavyokuwa. Mpe maji ya chumvi na sukari tangu sekunde ya kwanza, mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji, na vyombo na nguo zake visioshewe kisimani.

Sasa hayo maji. Mji wa kale wa Lamu hutegemea sana maji ya visima vya mchangani Shela. Yanapopungua, watu hurudi kwenye visima vya nyumbani. Nyumba zetu zimebanana, kisima cha huku na shimo la choo la kule vimetengwa na ukuta tu, na chini ya ardhi ukuta hauzuii kitu. Maji ni maangavu, baridi, hayana harufu, na yana vijidudu. Oshea sakafu, usiyanywe bila kuyachemsha.

Birika la chooni lenye visamaki ni hekima ya wazee, visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu. Lakini havisafishi maji. Nimemwona mama akichota kata moja birikani kusukutulia kinywa cha mtoto baada ya kutapika. Alikuwa anamrudishia ugonjwa bila kujua.

Huko visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu habari ni ya jabia, lile birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu huosha sakafu ya jabia na kuingiza vinyesi vya ndege, mbuzi na punda. Wiki inayofuata zahanati zinajaa. Jabia lifagiliwe kabla ya mawingu kukusanyika, maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kamba na ndoo ya kuchotea viwe vya hapohapo, na mifugo izuiwe. Maji ya kunywa yachemke hadi yafurike mapovu, dakika moja nzima inatosha kwetu tulio usawa wa bahari, au yatiwe dawa ya klorini na kungoja nusu saa. Yakiwa na tope yachuje kwanza, kwani tope hula nguvu ya dawa.

Neno juu ya barafu: ile ya mapande inayoletwa kwa ajili ya samaki si ya kuvunjiwa kwenye sharubati ya ukwaju. Kugandisha hakuui vijidudu vya maji. Muulize muuza juisi, na akikasirika, ondoka.

Wiki moja na kuendelea

Hapa kumbukumbu ya chakula haifai tena kitu.

Homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, uchovu, tumbo kujaa, wengine kufunga choo na wengine kuhara, yaweza kuwa homa ya matumbo, iliyoingia wiki moja hadi nne zilizopita. Ningependa watu wapunguze kuamini kile kipimo cha Widal kinachofanywa mara moja kwa tone la damu. Hutoa jibu la ndiyo kwa watu wengi wasio na ugonjwa, na mtu huyo humezeshwa dawa kali kila mwezi huku akisema "taifodi yangu imerudi". Kipimo cha kuotesha damu ndicho cha kutegemea zaidi. Ukiwa na uwezo wa kukipata, kiombe.

Tumbo la gesi, mbweu zenye harufu ya yai bovu na choo chenye mafuta kinachoelea, kwa wiki mbili tatu, ni dalili za jiadia, kijidudu cha utumbo. Kuhara kwa kuja na kuondoka kwenye kamasi na damu kidogo yaweza kuwa amiba. Hivyo viwili Flagyl huvitibu, na ndiyo sababu kila mtu anayo Flagyl kwenye droo. Lakini kwa sumu ya wali, kwa virusi vya mtoto na kwa histamini haina kazi yoyote. Kinyesi kipimwe kwanza.

Macho yakiwa ya manjano na mkojo kama chai, baada ya siku 15 hadi 50 za kuambukizwa, yaweza kuwa homa ya ini aina ya A, ambayo huenea kwa maji na mikono. Manjano hayo pia yaweza kuletwa na mahindi yenye sumu ya kuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Kwa hiyo gunia la mahindi lililonyeshewa njiani kutoka bara, likaota ukungu, lisisagwe. Wala kuku wasilishwe mahindi hayo.

Wakati si chakula kabisa

Mtoto mwenye homa na kutapika apimwe malaria, hata kama alikula embe mbichi jana. Maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini kulia, na mgonjwa hataki kutembea, ni ya kidole tumbo. Mwanamke aliyepitisha siku zake, akapata maumivu makali ya upande mmoja na kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Hiyo ni dharura ya dakika. Mzee anayetapika huku akitoka jasho baridi na kifua kizito, ufikirie moyo. Na mtu anayetokwa na mate mengi, jasho na kamasi, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano, ameshika au amekula sumu ya wadudu wa shambani.

Maji ya kumrudishia uhai

Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinatofautiana. Nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Soma maandishi kabla ya kupasua. Ikichanganywa kwa maji machache huwa kali na kuharisha zaidi. Kwa maji mengi huwa dhaifu. Huna pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi.

Anayetapika mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Bibi mmoja wa Mkomani alikaa na mjukuu wake kwangu usiku mzima hivyo, kijiko mkono wa kulia, tasbihi mkono wa kushoto, akitia kijiko kimoja kila amalizapo tasbihi yake fupi. "Mpeni mai kidogo kidogo," akiwaambia wengine kila walipotaka kumnywesha kikombe. Alfajiri mtoto alikojoa, tukafurahi sote.

Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Mtoto mwenye kuhara apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, hata kama choo kimeshakuwa kizito. Dafu ni zuri na lina madini, lakini chumvi yake ni ndogo, lisichukue nafasi ya ORS kwa aliyezidiwa. Soda na juisi tamu huzidisha kuhara. Uji, ndizi na wali laini vinarudi mara tu hamu inaporudi, kwani kumshindisha njaa hakumponyi. Na mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Tafadhali msimwache anayehara azimie akingoja adhana.

Ukiamua kumvusha

Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini, na Faza wana hospitali yao. Ukitoka Siyu au Pate kuja mjini, mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa; yakitoka, mashua huweza kukaa kwenye matope. Ikiwa mgonjwa anazidi na maji yanaanza kutoka, ondoka sasa, usingoje aonje dawa moja zaidi. Beba chupa ya ORS iliyochanganywa na kijiko chake, na uendelee kumpa njia nzima. Beba kila dawa aliyomeza, hata ya kienyeji, kwenye pakiti yake. Chakula kinachoshukiwa kitie kopo safi lenye mfuniko, kisionjwe na mtu.

Na uandike saa kwenye karatasi. Ninayo moja niliyoihifadhi, imeandikwa na msichana wa shule kwa kalamu nyekundu, mashua ikiyumba: "Ijumaa saa 7 mchana biriani, watu 9. Saa 4 usiku mama anahara, mara 6. Saa 5 mjomba. Kaka hakula nyama, mzima. Hakuna homa. Mama amekunywa chupa 2, amekojoa saa 11." Niliisoma gatini, kabla mama yake hajashushwa mashuani, nikajua la kufanya.